Nuru Imetia Nanga Mombasa, Nani Ataisoma?

Mwaka 2009 haustahili kusahauliwa na mtu yeyote afundishaye au asomaye katika kisiwa hiki cha Mvita. Mnamo mwezi Juni mwaka huo, waya wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, ulifika pwani yetu. Mwezi uliofuata waya wa SEACOM ukaanza kazi, na mwaka 2010 ukafuatia wa EASSy. Kabla ya hapo mazungumzo yetu na ulimwengu yalitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe. Tangu hapo barua, picha, fedha na habari za Kenya, na za majirani zetu hadi Uganda na Rwanda, zimekuwa zikipita hapa petu zikiwa zimegeuzwa kuwa kitu kimoja tu, nacho ni nuru ikimbiayo ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele.

Wengi wameandika juu ya manufaa ya nyaya hizo. Mimi leo nataka kuuliza swali jingine: nuru hiyo ifikapo nchi kavu, ni nani aisomaye?

Nuru haifiki ikiwa maandishi. Hufika ikiwa mimweko isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu, mamilioni kwa mamilioni katika kila sekunde. Lazima basi kiwepo kifaa kidogo cha kuipokea mimweko hiyo na kuigeuza kuwa umeme. Kifaa hicho ni kipande cha semikondakta, yaani maada isiyopitisha umeme wakati wote kama shaba, wala isiyoukataa wakati wote kama kioo. Chembe ya nuru, iitwayo fotoni, ikikigonga, huifungua elektroni kutoka kifungoni mwake, nayo elektroni ikaenda zake. Na huko kwenda kwake ndiko tunakokuita umeme. Silikoni, iliyo mama wa chipu karibu zote za kompyuta na simu, ni kipofu kwa aina ya nuru itumikayo katika nyaya ndefu za baharini. Kwa hivyo hutumiwa maada nyingine, mathalani mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki. Vifaa hivyo huja kwetu vikiwa vimekwisha kutengenezwa ng'ambo, ndani ya visanduku vilivyofungwa, na sisi huviunganisha bila ya kuviuliza lolote. Nuru imetia nanga kwetu, lakini elimu ya kuisoma ingali baharini.

Swali hili lina uzito zaidi leo kwa sababu elimu ya vitu viitikiavyo nuru imeingia mlango mpya. Katika maabara za Ulaya, Asia na Marekani, wataalamu wanashughulika na maada zilizojengwa kwa matabaka, ambazo huweza kubanduliwa hadi likabaki tabaka moja lenye unene wa atomu moja, mbili au tatu. Ajabu ni kwamba jambo hili, ambalo vitabuni huandikwa kwa maneno ya kutisha, mama yeyote wa Kibokoni au Kuze anaweza kulieleza akiwa jikoni mwake katika mwezi wa Ramadhani.

Zitazameni manda za sambusa. Vidonge vya unga husukumwa, vikapakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, vikapangwa kimoja juu ya kingine, vikasukumwa pamoja na kupashwa moto. Kisha hubanduliwa, manda baada ya manda. Kila manda imeshikana barabara ndani yake yenyewe, ila baina ya manda na manda mshikamano ni dhaifu, ndiyo maana vidole huweza kuzitenganisha bila ya kuzirarua. Ulanga, yale madini yang'aayo ambayo wazee wetu waliyapa jina kabla ya kuja kwa shule, huchanika vivyo hivyo. Na grafiti, ule weusi ulio ndani ya penseli, pia ndivyo ilivyo. Mwanafunzi aandikapo kwa penseli hubandua matabaka ya grafiti na kuyaacha juu ya karatasi. Katika milimita moja ya grafiti mna matabaka yapatayo milioni tatu. Unene wa ukurasa wa daftari, ambao ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, ungechukua matabaka kama laki tatu.

Mnamo mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza walionyesha kuwa yawezekana kulipata tabaka moja peke yake. Chombo chao kikuu kilikuwa selotepu. Waliibandika juu ya grafiti, wakabandua, wakaikunja na kubandua tena, mpaka zikabaki chembe nyembamba kabisa, ambazo walizihamishia juu ya kipande cha silikoni chenye utando wa oksidi. Utando huo una siri yake. Ukiwa na unene ufaao, nuru iakisiwayo hubadilika rangi kidogo pale palipo na tabaka la atomu moja, na mtu aliye na hadubini ya kawaida akaliona. Tabaka hilo ndilo liitwalo grafini. Mwaka 2010 wataalamu hao walitunukiwa Nishati... la, si nishati waliyotunukiwa bali Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ingawa nishati ya fikra ndiyo iliyowafikisha huko.

Grafini hupitisha umeme vyema mno, na tabaka lake moja humeza takriban asilimia 2.3 ya nuru iliangukiayo, pamoja na ile nuru isiyoonekana ambayo silikoni haiioni. Hata hivyo ina upungufu mmoja: ni vigumu kuizima, na kifaa cha kompyuta kisichozimika hakifai kuhesabia. Kwa ajili hiyo watafiti wakaligeukia ndugu yake, molibdeni disalfaidi. Jina hili lisimtishe mwanafunzi. Mafundi wetu wa magari huipaka maada hii kila siku bila ya kuijua kwa jina, kwani imo katika grisi nyeusi itiwayo kwenye viungo vya magurudumu ya mbele. Inateleza kwa sababu hiyo hiyo ya manda: matabaka yake huserereka, moja juu ya jingine. Katika kila tabaka, safu ya atomu za molibdeni imebanwa kati ya safu mbili za atomu za salfa.

Mwaka 2010 iligunduliwa kuwa pande la molibdeni disalfaidi halitoi mng'aro wa maana likimulikwa, lakini tabaka lake moja hung'ara. Huu ndio moyo wa elimu yote hii, na ningependa walimu wauandike ubaoni: kukifanya kitu kiwe chembamba kupita kiasi si kukipunguza tu, bali ni kukipa tabia mpya. Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Elektroni iliyobanwa katika tabaka moja inaishi katika bahari nyingine kabisa na ile iliyo ndani ya pande zima.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu. Wazee wa Mombasa watakumbuka studio ya Parekh, ambayo katika miaka ya 1950 na 1960 iliwapiga picha maarusi, marafiki na jamaa wa mji huu wakiwa katika mavazi yao mazuri. Filamu ya picha ni maada iitikiayo nuru na kuikumbuka. Chumvi za fedha zilizomo ndani yake hubadilika zikipigwa na mwangaza, na badiliko hilo likasafishwa kwa dawa hadi likawa picha. Lakini filamu hukumbuka mara moja tu, wala haiwezi kusahau ili ikumbuke jambo jingine. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Sayansi ya India mjini Bangalore, ng'ambo ya bahari hii hii yetu, walichapisha taarifa ya kifaa kilichoundwa kwa kulaza grafini juu ya molibdeni disalfaidi. Kikimulikwa, chaji za umeme za aina moja huhamia katika grafini, na za aina ya pili hunaswa katika jirani yake. Taa ikizimwa, chaji hizo hubaki zilipo, na kifaa kikawa kimekumbuka kuwa kilimulikwa. Msukumo mfupi wa umeme ukipitishwa, kifaa husahau na kuwa tayari kuandikwa upya. Naam, ni filamu inayoweza kufutika.

Faida yake ni ipi? Kompyuta za leo zina jicho mahali pamoja, kumbukumbu mahali pa pili na akili mahali pa tatu, na nguvu nyingi za umeme hupotea katika kuzichukua habari huku na huko. Maada hizi zinatoa tumaini la kuviweka vyote chini ya dari moja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna walionyesha jicho dogo la maada ya namna hii ambalo lilifunzwa kuzitambua picha sahili papo hapo lilipozipokea, bila ya kuzipeleka kwanza katika kompyuta. Na mwaka 2025 wenzao wa Chuo Kikuu cha Fudan mjini Shanghai waliripoti kuunda prosesa yenye transista 5,900 za molibdeni disalfaidi.

Hata hivyo, mwalimu mwaminifu hawapi wanafunzi wake habari nusu. Transista 5,900 ni tone tu zikilinganishwa na mabilioni yaliyomo katika chipu moja ya simu. Kulikuza tabaka moja lisilo na kasoro juu ya eneo pana ni kazi ngumu, kuliunganisha na nyaya za metali ni kazi ngumu zaidi, na vifaa vingi kati ya nilivyovitaja vingali maabarani. Atakayewaambia vijana kwamba grafini itawatajirisha kesho asubuhi atakuwa amewauzia mbuzi ndani ya gunia. Lakini kule kutokamilika kwa elimu hii ndiko kunakonifanya niandike. Ukiingia sokoni wakati duka limekwisha kujengwa na bei kupangwa, huna budi kuwa mnunuzi. Ukifika wakati msingi unachimbwa, waweza kushika sepetu.

Wapo watakaosema kwamba bahati yetu iko ardhini. Ni kweli kuwa Tanzania ina grafiti nyingi huko Mahenge katika wilaya ya Ulanga, na kwamba tanzanaiti ya Merelani huchimbwa katika miamba iliyojaa grafiti. Lakini zingatieni, wapenzi wasomaji, kwamba tabaka moja la atomu halihitaji shehena ya meli. Kipande cha penseli chatosha kwa majaribio ya miaka. Thamani haimo katika uzito wa jiwe, bali katika ujuzi wa kulibandua, kulitambua na kulitumia. Pwani hii imetazama shehena zikipita kwa karne nyingi, pembe za ndovu na nta, kahawa na chai, na twajua vyema kuwa kupitisha mali si kuwa na mali. Aidha, isidhaniwe kuwa kazi ya semikondakta haiwezekani katika nchi hii. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imeanzisha kazi hiyo. Kama yawezekana chini ya Mlima Kenya, ni kipi kikataacho kando ya Tudor?

Kikataacho, kwa maoni yangu, kimo darasani. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja, katika shule ambayo sina haja ya kuitaja, nikamsikiliza mwanafunzi akitoa maana ya semikondakta kwa Kiingereza fasaha bila ya kukosa hata neno. Nilimpongeza kwa dhati. Kisha nikamwomba anionyeshe semikondakta popote ilipo katika chumba kile. Alitazama dari, akatazama ubao, akanyamaza. Ilhali mkononi alikuwa amevaa saa ya tarakimu iliyokuwa ikihesabu sekunde za unyamavu wake kwa semikondakta. Sikumlaumu mtoto yule. Alifundishwa maneno kabla ya vitu, na kwa lugha ambayo haimwambii kwamba vitu hivyo ni vyake.

Jambo hili lina madhara yanayoonekana. Mtaala wa umilisi umeigawa sekondari ya juu katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anatakiwa kuchagua. Mtoto wa Mji wa Kale akiamini kuwa elektroniki ni mali ya watu wengine, ataukwepa mkondo wa kwanza hata akiwa na kipawa chake, na mlango huo ukishafungwa si rahisi kuufungua tena. Tutakuwa tumempoteza mtafiti kwa kukosa kumwonyesha penseli yake mwenyewe.

Najua hoja ya wale wasemao kuwa Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Hoja hiyo imechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi hapa Mombasa hadi alipofariki mwaka 2017, alichimba katika lahaja za pwani na kutupatia neno runinga, ambalo leo latamkwa na mtangazaji na mchuuzi bila ya kigugumizi. Tuna tabaka, utando, mmweko, kubandua, kunasa. Penye pengo tutakopa, kama tulivyokopa meza na kalamu, tukaseme transista na fotoni bila ya haya. Sisemi mtihani usifanywe kwa Kiingereza. Nasema ufahamu uanze kwa lugha ambayo mtoto huotea ndoto, kisha Kiingereza kije kuuvika ufahamu huo nguo ya safari.

Wapo pia watakaoniambia kwamba shule zina upungufu wa madawati na walimu, na kwamba kuzungumza juu ya atomu ni anasa. Nawaheshimu, kwa sababu upungufu huo naujua. Lakini ninayoyapendekeza hayahitaji hazina ya serikali. Mwalimu na achore mstari mnene wa penseli laini juu ya karatasi, aunganishe betri ya voti tisa na kijitaa cha LED kupitia mstari huo, kisha arefushe njia ya umeme. Wanafunzi wataiona taa ikififia na kujua kuwa weusi wa penseli ni kipitishi. Na anunue kwa fundi wa redio ile rezista ndogo ibadilikayo kwa mwangaza, aiunganishe na mita, kisha aitoe kivulini na kuipeleka juani. Njia zetu nyembamba, zenye kivuli huku na jua kali kule, ni maabara tosha. Na awape selotepu na kipande cha grafiti au ulanga, wabandue mpaka mikono ichoke. Hawataliona tabaka moja kwa macho matupu, lakini watakuwa wameshika njia ile ile iliyofika Manchester.

Hatua ya pili yahusu chuo kikuu chetu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopewa hadhi kamili mwaka 2013, kina mizizi yake katika MIOME, taasisi iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Waasisi wake waliona kwamba jahazi pekee halitawavusha vijana wao katika karne ile. Nakisihi chuo hicho kiwafungulie wanafunzi wa sekondari mlango wa maabara moja kila Jumamosi: hadubini nzuri, vipande vya silikoni vyenye oksidi, selotepu, fuwele chache za molibdeni disalfaidi, taa na mita. Serikali ya kaunti, ambayo haikosi fedha za mapambo ya sherehe, haitafilisika kwa kuchangia. Nazo kampuni zinazochuma kutokana na nyaya zipitazo pwani yetu zingeonyesha shukrani njema kwa kumwezesha mtoto wa hapa kujua ni nini kinachopita.

Kwenu wanafunzi nina neno moja la mwisho. Msingoje mtu awape ruhusa ya kustaajabu. Muulizeni fundi wa simu kilichomo ndani ya kamera aifunguayo, muulizeni fundi wa gari kwa nini grisi ile ni nyeusi, na muulizeni mwalimu wenu kwa nini kitu chembamba hupata tabia mpya. Akikosa jibu, msimcheke. Litafuteni pamoja naye. Akili ni mali, na mali hii haitozwi ushuru bandarini.